Jinsi ya kumpima lainibeka wa chuo kabla ya drafti ya NFL

Drafti ninayoisema hapa si ile ya kijiweni, ya vizibo vya soda na kelele za "kula!" Ni ya futiboli ya Kimarekani. Kila mwisho wa Aprili timu 32 za NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, hupokezana kuchagua vijana kutoka vyuoni, raundi 7 kwa siku 3, timu iliyovurunda zaidi msimu uliopita ikitangulia na bingwa akifunga foleni, labda kama mtu ameuza zamu yake. Kijana anaruhusiwa kuingia akishatimiza miaka 3 tangu amalize sekondari.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuatilia mchezo huu kutoka mbali, kwa simu au kompyuta, na anataka kuwa na maoni yake mwenyewe kabla majina hayajasomwa jukwaani. Nimechagua lainibeka kwa sababu ndiyo nafasi iliyonitia aibu mara nyingi kuliko zote. Kwotabeka, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, akikosea, uwanja mzima unaona. Lainibeka anaweza kuharibu kila kitu kwa kukanyaga mguu mmoja pasipofaa, na kamera isimwonyeshe tena kwa sababu imeshamfuata mwenye mpira.

Kwa aliyekulia kwenye soka, lainibeka ni kiungo mkabaji. Mbele yake wapo wenzake wazito wa mstari wa mbele, watu wa kilo 130 na zaidi; nyuma yake wapo mabeki wepesi. Yeye husimama yadi 4 au 5 kutoka mpira ulipowekwa, na kila jaribio, yaani kila mchezo mmoja wa sekunde chache, linapoanza swali lake la kwanza ni lilelile: mpira huu unakimbizwa au unarushwa? Mengine yote, nguvu, mbio, ubabe, yanakuja baada ya jibu hilo.

Hatua ya kwanza: jua atasimama wapi

Jina lenyewe linapotosha. Timu nyingi huwaita "lainibeka wa nje" watu ambao kazi yao kubwa ni kumvamia kwotabeka. T.J. Watt wa Pittsburgh huitwa hivyo. Hao wana vipimo vyao, tuwaache. Nawasema wale wanaosimama nyuma ya mstari: Mike, wa katikati, ambaye kwa kawaida ndiye anayewapanga wenzake, Will, wa upande ambao wapinzani wana watu wachache, mara nyingi mwepesi zaidi, na Sam, wa upande wenye watu wengi. Huyu Sam siku hizi anakaa benchi sana, maana timu zinamtoa na kumwingiza beki wa tano, mpango unaoitwa nikeli. Kwa hiyo nafasi za kudumu uwanjani zimebaki mbili, na wote wawili lazima wajue kukaba pasi. Tutarudi hapo.

Mipaka hii hupitika. Micah Parsons alicheza katikati pale chuo cha Penn State, hakucheza kabisa msimu wa 2020, Dallas wakamchukua wa 12 mwaka 2021, na msimu wake wa kwanza tu akawa mvamizi ambaye kila kwotabeka alimtafuta kwa macho kabla ya kuanza. Zack Baun alikwenda kinyume chake. Chuoni, Wisconsin, alikuwa mvamizi wa pembeni. New Orleans wakamchukua wa 74 mwaka 2020. Akakaa miaka 4 bila kujulikana sana. Mwaka 2024 Philadelphia wakamhamishia katikati. Msimu huohuo akaingia kikosi bora cha ligi, na Februari 2025 akanyakua pasi ya Patrick Mahomes, kwotabeka wa Kansas City, ndani ya Super Bowl, fainali ya ligi.

Kwa hiyo juu ya kila ukurasa wa daftari langu sasa kuna mstari mmoja: "Jumatatu ya kwanza kazini atasimama wapi?" Mstari huo nimeulipia. Mwaka 2020 nilimpa Isaiah Simmons wa Clemson alama za juu kuliko lainibeka yeyote niliyewahi kumtazama. Alikuwa ameshinda tuzo ya Butkus, ile ya lainibeka bora wa vyuo, na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.39, kasi ya mabeki wa pembeni. Katika mechi moja ungemkuta nyuma kabisa, katikati, na pembeni akivamia. Nikaandika "anacheza popote" nikaona nimemaliza. Arizona nao wakamchukua wa 8. Agosti 2023 walimpeleka New York Giants kwa zamu ya raundi ya saba, ambayo kwa lugha ya sokoni ni bei ya kuondoa mzigo. Kijana hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesifia hesabu ya nafasi alizocheza, wakati sikuwa nimejiuliza ni ipi kati ya hizo anaijua kwa undani.

Hatua ya pili: tafuta mechi 4 nzima

Vipande vya dakika 5 vyenye muziki wa kugongagonga usivihesabu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kila kijana duniani ana dakika 5 nzuri. Tafuta mechi nzima: moja dhidi ya timu inayopenda kukimbiza mpira, moja dhidi ya timu ya pasi, moja ambayo timu yake ilifungwa vibaya, na moja ya Novemba, mwili ukiwa umechoka. Mechi ya kufungwa ndiyo naanza nayo. Timu ikiwa nyuma kwa pointi 24 katika robo ya nne unaona nani bado anakimbia kuelekea mpira na nani ameanza kutembea.

Sisi tusio na mikanda ya makocha, ile inayoonyesha wachezaji wote 22, tunategemea picha za televisheni. Kwa beki wa nyuma kabisa picha hizo hazifai, maana muda mwingi hayumo. Lainibeka tuna bahati naye: kwa kuwa yupo karibu na mpira, karibu kila mara unamwona kabla ya mpira kuanza na sekunde ya kwanza baada yake. Sekunde hiyo inatosha.

Ukiangalia kwa kompyuta kupitia YouTube, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta: picha inasogea fremu moja mbele. Kitufe cha mkato kinarudisha nyuma. Video nyingi zina fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo fremu 15 ni nusu sekunde. Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na hakina gharama zaidi ya bando.

Mara ya kwanza tazama mechi kama shabiki, bila kusimamisha. Mara ya pili usimtazame mtu mwingine yeyote.

Hatua ya tatu: macho na hatua mbili za kwanza

Hapa ndipo utumie nusu ya muda wako wote.

Lainibeka mzuri hamwangalii mwenye mpira kwanza. Anawaangalia wazuiaji, hasa gadi, wale wawili wanaomzunguka senta, mtu anayeanzisha mpira, kwa sababu mtu wa kilo 140 hawezi kudanganya kwa wepesi. Gadi akisukuma mbele, mpira unakimbizwa. Akirudi nyuma na kunyanyua mikono, ni pasi. Akichomoka na kukimbia kupita nyuma ya wenzake kwenda upande wa pili, mpira unamfuata huko, karibu kila mara.

Ngoja nikupe jaribio moja kutoka kwenye daftari, bila jina la kijana. Fremu ya 0, mpira unatoka mkononi mwa senta. Fremu ya 6, gadi wa kushoto kwenye skrini anafungua mguu kurudi nyuma: ameng'oka, anakwenda kulia. Fremu ya 9, mkimbiaji anachukua hatua moja kushoto. Ni danganya toto, hatua ya uongo kabisa, iliyowekwa pale kwa ajili ya wanaomtazama yeye. Lainibeka wa katikati, namba 41, fremu ya 13 anakanyaga kushoto. Fremu ya 19 anajirekebisha na kugeuka. Amepoteza fremu 6, moja ya tano ya sekunde. Mwenzake wa pembeni alianza kwenda kulia fremu ya 12 na hakuyumba. Namba 41 alipofika, gadi alikuwa ameshafunga mlango. Mkimbiaji akapita yadi 11. Matangazo yalimsifia mkimbiaji. Halafu namba 41, ambaye ni mwepesi kama swala, alimfukuzia na kumwangusha kwa nyuma, akasifiwa naye.

Huo ndio mtego wa nafasi hii. Mwenye mbio hufidia kosa lake kwa uzuri kiasi kwamba kosa halionekani. Chuoni fidia hiyo inatosha. NFL mkimbiaji aliyepewa moja ya tano ya sekunde hakamatwi kwa nyuma.

Fanya hivyo kwa majaribio 30 ya kukimbiza mpira. Andika fremu ya hatua yake ya kwanza yenye maana, na kama ilikwenda upande sahihi. Usitafute wastani wa kisayansi. Utaona mwenyewe: wapo wanaosogea fremu ya 10 hadi 12 na kupatia, wapo wanaosogea fremu ya 8 na kubahatisha, na wapo wanaongoja hadi fremu ya 18 kuhakikisha. Wa kwanza ndiye unayemtafuta. Wa pili kocha anaweza kumtuliza. Wa tatu namwogopa, hata akiwa na mbio za farasi.

Mambo mawili ya kumtendea haki kijana. La kwanza ni ule mchezo unaoitwa RPO, ambapo kwotabeka anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji huku akimkodolea macho lainibeka mmoja. Lainibeka akisogea mbele, mpira unachomolewa na kurushwa nyuma ya mgongo wake. Akibaki nyuma, mkimbiaji anaachiwa. Kanuni za chuo zinawaruhusu wazuiaji kusonga hadi yadi 3 mbele kabla pasi haijarushwa, NFL ni yadi 1 tu. Maana yake chuoni gadi, yule shahidi wetu mkweli, analazimishwa kusema uongo. Majaribio ya namna hiyo nayawekea alama ya pembeni na siyajumlishi.

La pili ni mistari ya uwanjani. Vyuoni ile mistari midogo ya katikati, inayoamua mpira uwekwe wapi, imeachana kwa futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo chuoni mpira mara nyingi huanzia karibu na upande mmoja, na upande wa pili unabaki bahari. Lainibeka anayewekwa upande wa bahari anakimbia umbali ambao NFL hataulizwa kila mara. Mpe heshima yake. Anayefichwa upande mwembamba kila jaribio, jiulize kocha wake anajua nini ambacho wewe hujakiona.

Angalia pia kabla mpira haujaanza. Nani anaonyesha kidole, nani anamgeuza mwenzake kwa kumshika bega? NFL mchezaji mmoja wa ulinzi huvaa kofia yenye doa la kijani, yenye spika ya kumsikia kocha, na mara nyingi ni lainibeka. Vyuo vikubwa vilianza kuruhusiwa kifaa hicho mwaka 2024. Luke Kuechly wa Carolina alijulikana kwa kuwatangazia wenzake, kwa sauti, mchezo ambao wapinzani walikuwa karibu kuucheza. Kuna makwotabeka waliobaki kucheka.

Na kama unadhani kusoma huku kunajazwa haraka na mwili mzuri, mkumbuke Daniel Adongo wa Nairobi. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepita New Zealand na Afrika Kusini. Mwaka 2013 Indianapolis Colts walimsajili kama lainibeka wa nje ingawa hakuwahi kucheza futiboli. Desemba mwaka huohuo alikanyaga uwanja wa NFL, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo, jambo ambalo wengi wetu tulilikesha. Mwili ulikuwepo, ujasiri ulikuwepo. Mechi zake zilikuwa chache. Wale aliokuwa akishindana nao nafasi walikuwa wamewasoma magadi tangu wakiwa na umri wa miaka 14.

Hatua ya nne: mikono, kisha kuangusha

Kumjua mzuiaji anakuja si sawa na kumtoka. Angalia mikono ya lainibeka anapokutana na gadi. Je, inatangulia kifua, viganja vikimsukuma mzuiaji mbali? Au anampokea kwa bega na kuishia kukumbatiana naye hadi filimbi? Wapo wanaokwepa kila mzuiaji kwa kuzunguka nyuma yake. Chuoni wanafika, baadaye mwanya wanaouacha nyuma yao ndio mkimbiaji anaopitia. Hapa urefu wa mikono unasaidia kweli, ndiyo maana kwenye vipimo vya Indianapolis kabla ya drafti, tutakavyovifikia, wanaupima hadi sehemu ndogo ya inchi.

Kwenye kuangusha, tazama miguu. Anayepunguza kasi kwa hatua fupifupi kabla ya kufika, nyonga chini, kichwa kando, mikono ikifunga, huyo ataangusha watu miaka 10. Anayejitupa kama kombora anapendeza kwenye vipande vya video na hukosa sana kwenye mechi nzima. Hesabu mwenyewe: majaribio ya kuangusha mangapi, aliyokosa mangapi. Kanuni yangu, ambayo huna lazima ya kuifuata, ni kwamba akikosa 1 kati ya 5 naweka alama nyekundu. Angalia pia kama anainamisha kichwa na kugonga kwa kofia. Chuoni kosa hilo humtoa mchezaji nje, na NFL tangu 2018 wana kanuni yao dhidi yake. Mbali na kanuni, shingo ni moja tu.

Takwimu za miangusho usizikumbatie. Vyuoni huhesabiwa na watu wa timu mwenyeji, na mkono wao si mzito. Mwangusho wa kusaidiana huandikiwa zaidi ya mtu mmoja, na anayefika mwishoni kwenye lundo anaweza kupata sehemu yake. Zaidi ya hapo, namba haisemi aliangusha wapi. Kijana mwenye miangusho 130 ambaye kila mara anafika baada ya yadi 7 anafanya kazi ya kufunga mlango ng'ombe wakiwa wameshatoka. Mimi nahesabu tu ile iliyotokea ndani ya yadi 3 za mwanzo.

Hatua ya tano: pasi

Hiki ndicho kinachoamua bei. Lainibeka asiyejua pasi hutolewa uwanjani kwenye jaribio la tatu, ambapo mara nyingi mpira hurushwa, na timu hazilipi fedha nyingi kwa mtu wa kutoka na kuingia.

Kwenye kulinda eneo, mtazame anaporudi nyuma. Mbovu anarudi akiwa amemkodolea kwotabeka tu, kama mtu anayetembea kinyumenyume sokoni. Mpokeaji anapita nyuma ya mgongo wake bila yeye kujua. Mzuri anageuza kichwa mara mbili tatu, anajua nani ameingia eneo lake, na mkono wake unamgusa mpokeaji kabla mpira haujafika. Kwenye kukaba mtu kwa mtu, subiri majaribio ambayo ameachwa peke yake na taitiendi, mpokeaji mzito anayejipanga karibu na wazuiaji, au na mkimbiaji aliyetoka nje kupokea. Yatakuwa machache, labda 5 kwenye mechi nzima. Yatazame yote mara tatu.

Fred Warner ni somo zuri. Chuoni, BYU, hakuwa wa katikati. Alichezeshwa kwenye nafasi mseto, nusu lainibeka nusu beki, akikimbizana na wapokeaji uwanja mzima. San Francisco wakamchukua wa 70 mwaka 2018, wakamweka katikati, na tangu hapo watu humtaja kwanza wakizungumzia lainibeka anayefuta pasi za katikati. Utauliza, na Simmons naye si alicheza nafasi mseto? Ndiyo. Ukirudi kwenye mikanda ya Warner unaona anafanya kazi ileile jaribio baada ya jaribio, na anaifanya kwa mpangilio. Tofauti hiyo sikuweza kuisoma kwenye takwimu.

Hatua ya sita: Indianapolis, na ile saa ya kupimia

Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi vijana wapatao 300 huitwa Indianapolis kwenye Kombaini. (Kwetu kombaini ni timu ya mkoa iliyookotezwa shule mbalimbali; ya kule ni mnada wa ng'ombe wenye vipimo vya hospitali.) Wanapimwa urefu, uzito, mikono, kuruka juu, kuruka mbele, kugeuka kwenye koni, kunyanyua kilo 102 mara nyingi wawezavyo, na ule mkimbio wa yadi 40, mita 36 na ushei.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka 2019 Devin White wa LSU alikimbia 4.42 na Devin Bush wa Michigan 4.43, wakachukuliwa wa 5 na wa 10. White alipata pete ya Super Bowl na alicheza vizuri sana katika mechi zile za mwisho. Lakini hakuna kati yao aliyepewa mkataba wa pili na timu iliyomchagua. Upande wa pili, Vontaze Burfict alikimbia 5.09 mwaka 2012, hakuchaguliwa kabisa katika raundi zote 7, na msimu wa 2013 akaongoza ligi nzima kwa miangusho, 171.

Sisemi kasi haina maana. Burfict ni mmoja, waliokimbia 5.09 na kupotea hawahesabiki. Ninachofanya ni kutumia saa kama shahidi wa pili. Kama mkanda ulionyesha anachelewa kufika pembeni na saa ikasema 4.80, nimepata jibu. Kama mkanda ulionyesha mwepesi na saa ikasema mzito, narudi kwenye mkanda: pengine anaona mapema kuliko wenzake. Kama mkanda ulionyesha mzito na saa ikasema mwepesi, nauamini mkanda. Katika ule mkimbio wenyewe, yadi 10 za mwanzo zina maana kuliko 30 zinazofuata, kwa sababu lainibeka hupata nafasi ya kukimbia yadi 40 moja kwa moja pale tu mambo yanapokuwa yameshaharibika.

Mstari mtupu kwenye jedwali usiusome kama sifuri. Bobby Wagner wa Utah State aliikosa Kombaini ya 2012 kwa sababu ya nimonia. Seattle walimchukua wa 47.

Hatua ya saba: magoti

Hili sisi wa nje hatulioni, na tusijifanye tunaliona. Madaktari wa timu ndio wanaoshika goti na kulipinda. Tunachoweza ni kuhesabu mechi alizokosa kila mwaka, na kuangalia kama aliporudi alikuwa yuleyule. Tarehe 1 Januari 2016 Jaylon Smith wa Notre Dame aliumia goti katika mechi ya Fiesta Bowl, mishipa ya fahamu ikaguswa. Alikuwa anatajwa miongoni mwa wa juu kabisa. Akashuka hadi wa 34, Dallas. Msimu wake wa kwanza hakucheza hata dakika. Mwaka 2019 aliitwa Pro Bowl, mkusanyiko wa nyota wa ligi. Zamu mbili baada yake alichukuliwa Myles Jack wa UCLA, wa 36, naye ameshuka kwa sababu ya goti. Kijana wa namna hii mpe alama zake za mkandani kama zilivyo, kisha andika "goti" kwa wino mwekundu, ili usije ukajisifu wala kujilaumu kwa jambo lililokuwa mikononi mwa daktari.

Hatua ya nane: panga bei, kisha panga usingizi

Usiwape namba kuanzia 1 hadi 20. Utagombana na nafsi yako juu ya nani wa 11 na nani wa 12. Wagawe mafungu matatu: wa kucheza majaribio yote tangu mwaka wa kwanza, wa majaribio ya kukimbiza mpira tu, na wa kufundishwa. Fungu la kwanza kwa kawaida lina watu 2 au 3 kwa mwaka, na upo mwaka ambao halina mtu.

Kumbuka pia lainibeka wa kweli mara nyingi hawaondoki usiku wa kwanza. Kuechly alikwenda wa 9, Ray Lewis wa 26, lakini Wagner na Warner walingoja raundi ya pili na ya tatu. Kwa saa za Afrika Mashariki raundi ya kwanza huanza saa tisa usiku kuamkia Ijumaa. Kama una kazi asubuhi, lala. Amka usiku unaofuata, saa nane kuamkia Jumamosi, raundi ya pili na ya tatu zinapoanza. Hapo ndipo majina ya fungu lako yatakapoanza kusomwa. Raundi nne za mwisho huanza saa moja jioni ya Jumamosi, muda wa chakula. Mwaka 1996 Zach Thomas wa Texas Tech alichukuliwa na Miami raundi ya tano, wa 154, baada ya kila mtu kusema ni mfupi, na leo yumo kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa mchezo huu. Kwa hiyo ukiwa mezani, daftari liwe karibu na sahani.